Karanga za Ndoo

Scolastika Nkwabi haombi msamaha upesi, na asiyempenda kwa hilo ashike njia yake. Amelima kijijini Didia mpaka viganja vikawa vigumu, amezika mume, amelea watoto wanne, na sasa, akiwa na miaka hamsini na sita, anachambua karanga kwenye ghala moja la Kambarage, mjini Shinyanga. Huu mwaka wa nne. Ukimuuliza kazi yake atakujibu, "Mimi ni macho," halafu atakukazia hayo macho mpaka uone haya kwa nini umeuliza.

Na macho anayo kweli, si majigambo. Wanawake ishirini na wawili hukaa kwenye meza ndefu, karanga zinamwagwa katikati, kila mmoja anavuta fungu lake. Nzuri kulia, mbovu kwenye ndoo iliyo katikati ya miguu. Iliyosinyaa, ndooni. Iliyotobolewa, ndooni. Yenye doa la kijani, ndooni. Wenzake huishika karanga moja wakaigeuzageuza karibu na uso kama wanasoma barua ya mahakama. Scolastika hana muda huo. Mkono unapita, mbovu imeshatoka, na mdomo muda wote unamsengenya meneja. Hakuna gunia lake lililowahi kurudishwa mezani.

Mwaka juzi shehena nzima ya ghala lile ilikataliwa bandarini huko Ulaya. Ilikutwa na sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu. Loo, mtu angedhani vita imetangazwa! Taarifa iliruka kutoka nchi hii kwenda ile, simu zikapigwa, barua zikaja na mihuri yake, na haikupita wiki mbili meneja Frank alikuwa ameshanunua meza mpya, makoti meupe na vifuniko vya nywele. Neno sumukuvu likaandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Wachambuaji wakaambiwa wakaze macho, maana karanga moja mbovu inaweza kuharibu gunia zima. Kuhusu ndoo hawakuambiwa lolote.

Maana ndoo ilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo ilianza kabla Frank hajapewa umeneja. Jioni kila mwanamke huondoka na karanga za ndoo yake. Ndiyo mboga ya mchambuaji. Unazitwanga, unazitia kwenye nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, au unazichanganya na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ikishaiva, nyumba inakula inashiba. Zina uchungu kidogo? Zikaange zaidi. Zina ukungu? Moto si upo! Hivyo ndivyo walivyosema wote, na Scolastika alisema kwa sauti kuwashinda wote. Mtu aliyekulia Didia hatupi karanga. Mlinzi wa getini, Donatus, alikuwa akiwapekua mpaka mafundo ya khanga akitafuta karanga nzuri zilizofichwa. Ndoo hakuitazama hata siku moja.

Na nyumbani kwa Scolastika kulikuwa na mtoto wa kula hizo karanga. Goodness ni mtoto wa binti yake Elieth, anayepika na kuuza chakula machimboni upande wa Geita. Huko leo kambi iko hapa, kesho ikisikika dhahabu imetoka kwingine watu wamehama na masufuria yao kichwani. Si pa kukaa na mtoto. Kwa hiyo Goodness aliletwa kwa bibi akiwa na mwaka mmoja, mnene, mashavu yamejaa, majirani wanagombania kumbeba.

Halafu akasimama pale pale. Alikula vizuri, alicheza, alisema maneno makubwa kuliko umri wake, lakini mwili ulikataa kwenda. Alipotimiza miaka mitatu na nusu watu walikuwa bado wanauliza kama ameshafikisha miwili. Scolastika akawa anajibu kwa ukali, "Anazeeka taratibu, ninyi mna haraka gani?" Lakini akiingia ndani anamvua gauni, anamhesabu mbavu.

Kliniki ndiyo ilimmaliza kabisa. Muuguzi aliweka kadi mezani, akapitisha kalamu kwenye ule mstari uliolala kama kamba chini. "Bibi, huyu unampa nini? Uji mtupu?" Scolastika akaitikia kwa adabu ambayo hakuwa nayo kwa kawaida. Muuguzi akamwambia, na alisema kwa nia njema, "Muongezee karanga kwenye uji. Zitwange, weka vijiko viwili, kila siku."

Heri kuambiwa kitu unachokiweza! Scolastika alirudi nyumbani karibu aimbe. Kama dawa ni karanga, basi yeye ndiye mwenye duka la dawa. Vijiko viwili vikawa vitatu. Mstari wa kadi ulipoendelea kulala, vitatu vikawa vinne. Alikuwa akimshika mtoto kidevu na kumwambia, "Kula, ng'wanone, kula mwanangu, umshinde yule muuguzi." Goodness alikula, akalamba na kijiko.

Basi mwezi wa saba, msimu ukiwa umepamba moto, wageni wakaja. Ulikuwa mradi wa nchi sita zilizoungana kwa ajili ya usalama wa chakula. Kulikuwa na wataalamu watatu kutoka Ulaya, wawili kutoka nchi jirani, na kijana mmoja kutoka Dar es Salaam aitwaye Evance, ambaye ndiye alikuwa mkalimani na mpimaji. Evance alizunguka meza nzima akiwaamkia akina mama mmoja mmoja, "Shikamoo, mama," mpaka Scolastika akajikuta ameitikia "Marahaba" kwa upole. Viti vikapangwa, soda zikagawiwa, projekta ikawashwa.

Evance alieleza vizuri, mtu asimsingizie. Alisema kuna kitu kinaitwa tathmini ya hatari. Unapima sumu iliyomo kwenye karanga. Unauliza mlaji anakula karanga kiasi gani kwa siku. Halafu unauliza mlaji ana kilo ngapi, maana sumu inayomchezea mtu mzima inamwangusha mtoto. Ukishapata hayo matatu, unapiga hesabu, unajua kama mlaji yuko salama. "Ndiyo maana huwa tunaanza na mtoto," alisema, na ukutani ikatokea picha ya mtoto anayecheka, chini yake maandishi: miaka minne, kilo kumi na sita, kijiko kimoja kwa siku.

Scolastika akanyoosha mkono. Generosa, jirani yake mezani, akamkanyaga mguu, kwa kuwa anamjua. Haikusaidia.

"Huyo mtoto wa wapi?"

Evance akatabasamu. "Ni mtoto wa mfano tu, mama. Anasimama badala ya walaji wa huko karanga zinakokwenda."

"Na walaji wa hapa anawasimamia nani?"

Evance akafasiri. Kiongozi wa wageni, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, akafikiri, akajibu kirefu. Evance akageuka. "Anasema ni swali zuri sana. Anasema mradi huu ni wa karanga zinazosafirishwa. Walaji wa ndani wamewekwa awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini?"

"Bado haijapitishwa, mama."

Frank alikohoa kile kikohozi chake cha kumnyamazisha mtu, akasema wageni wana ratiba, twende kwenye magunia. Watu wakainuka.

Pale kwenye magunia kazi ilienda haraka. Walichukua bambo, kile chuma chenye ncha kali na uwazi ndani, wakachoma gunia juu, katikati, chini, karanga zikateremka kwenye mfuko. Zikasagwa, zikatiwa maji ya dawa, kijiti cha kipimo kikachovywa na kuingizwa kwenye mashine ndogo kama redio. Wakasubiri. "Tatu," alisema Evance. "Safi kabisa!" Makofi. Gunia lilikuwa la Scolastika. Likafungwa kwa waya, likapigwa lakiri ya risasi, muhuri wa kuonyesha kwamba halijafunguliwa, na Frank akamvuta mbele kupigwa picha, akisema, "Huyu ndiye mama yetu wa macho."

Alikuwa amesimama hivyo, kofia nyeupe kichwani, Mzungu anamwelekezea kamera, ndipo wazo lilipomwingia. Halikuhitaji projekta. Kama humu ni safi, uchafu umekwenda wapi?

Akatoka pale kwenye picha, akaenda mezani kwake, akainua ndoo, akaitua mbele ya Evance kwa kishindo hadi vichupa vya dawa vikagongana.

"Pima na hizi."

"Mama Elieth," Frank akacheka kwa meno tu, "hizo ni taka bwana. Wageni, hizo ni taka, zinaharibiwa kwa utaratibu."

"Taka?" Scolastika alimgeukia taratibu. "Taka tangu lini, Frank? Kwa hiyo mimi miaka minne unanibebesha taka jioni, unaniambia mboga hiyo mama, msalimie mjukuu?"

Evance akaacha alichokuwa anakiandika. "Mnazila?" aliuliza, akiitazama ile safu ya makoti meupe. Wanawake ishirini na mmoja wakatazama sakafu, maana kula kilichokataliwa si jambo la kumtangazia mgeni, hata kama kila mtu anajua. Mwishowe Generosa akasema kwa sauti ndogo, "Tunazitwanga, baba. Kwenye mboga. Na uji wa watoto."

Evance hakuomba ruhusa. Akachota, akasaga, akapima. Mashine haikutoa namba. Iliandika kwamba imezidiwa. Akaongeza maji, akapima tena, akazidisha kwa kalamu. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, yule kijana msafi wa Dar, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Zaidi ya mia nne, mama. Zile za gunia ni tatu."

"Moto si unaua?"

"Hauui. Moto wa jikoni hauigusi hii. Nani anakula hizi kwako?"

"Mjukuu wangu."

"Ana umri gani?"

"Wa yule wa ukutani, kasoro miezi michache. Ila wangu ana kilo kumi, na kwa siku ni vijiko vinne." Sauti yake ilikuwa tulivu, na waliomjua wakaogopa zaidi. "Ndiyo iliyomdumaza?"

Evance angeweza kumdanganya, na pengine Scolastika angemshukuru. "Kwa mtoto mmoja siwezi kukuapia, mama. Mambo yanayodumaza mtoto ni mengi. Lakini hii ni mojawapo, na inakula ini. Acha leo. Usingoje kesho."

Jamani, hasira ina ngazi zake, na siku ile Scolastika alizipanda zote bila kushika pembeni. Alimkasirikia Frank aliyejua. Akawakasirikia wageni waliovuka bahari kuja kupima gunia na kuipita ndoo. Akamkasirikia muuguzi na vijiko vyake. Lakini aliyemkasirikia kuliko wote ni huyu mwenye macho. Kwa mikono yake mwenyewe alikuwa akiiondoa sumu, punje kwa punje, kwenye kinywa cha mtoto asiyemjua, na jioni akiibeba kichwani, akiifunika kwa kitambaa isipate vumbi, akampelekea wa kwake. Alitamani kuikata hiyo mikono. Alitamani kumkata mtu.

Mama mwenye miwani aliandika kwenye daftari, akasema maneno kwa uso wa huruma. "Anasema wamesikitika mno," alifasiri Evance, "na wataliweka kwenye mapendekezo."

"Mwambie huzuni yake haipandi kwenye mizani ya kliniki."

Evance akasita, akafasiri kitu kifupi. Frank naye akatangaza mbele ya wote kwamba kuanzia leo ndoo zote zinabaki ghalani, zitaharibiwa, hakuna mtu kubeba chochote. Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kesho asubuhi wangemalizia kufunga shehena na kutia saini.

Asubuhi Scolastika alipika uji wa mahindi, akatia sukari kidogo, akampa Goodness. Mtoto akaonja, akasukuma bakuli. "Bibi, karanga."

"Leo hakuna. Kunywa."

"Karanga, bibi." Na midomo ikaanza kutetemeka.

Akamwekea bakuli chini, akambeba mgongoni, akatoka kwenda sokoni kutafuta karanga nzuri, hata za kiganja kimoja. Karanga zilikuwepo, mabeseni kwa mabeseni. Kwenye beseni la kwanza alisimama, macho yakafanya kazi yao bila kutumwa. Zilizosinyaa. Zilizotobolewa. Zenye doa la kijani. Akaenda la pili. La tatu. Karanga hizi alizijua kama anavyoyajua matandiko yake. Muuzaji wa beseni la tatu, Mwanaima, alikuwa akiwapimia wanawake wawili kwa kopo.

"Mwanaima, hizi umezitoa wapi?"

"Ghalani kwenu, shoga. Jana jioni, mlango wa nyuma. Meneja wenu kafungua mkono, anauza zile za ndoo kwa bei ya bure."

"Usiziuze! Hizo ni sumu, zimepimwa jana mbele yangu!"

Wale wanunuzi wawili wakamtazama, mmoja akiwa na mtoto mgongoni kama yeye. Mwanaima akashika kiuno. "Wee! Miaka minne umezila peke yako, hujafa. Leo zimefika kwetu, zimekuwa sumu?"

Scolastika, ambaye hajawahi kushindwa kumjibu mtu tangu azaliwe, alisimama pale sokoni akakosa jibu. Angejibu nini? Alikuwa hana karatasi, hana mashine, hana Mzungu. Yule mwanamke mwenye mtoto akapokea kopo lake, akafunga khanga, akaondoka.

Njia ya kutoka sokoni mpaka ghalani Scolastika haikumbuki. Anakumbuka geti, na Donatus akinyoosha mkono mbele yake.

"Mama Elieth, umechelewa. Na watoto hawaruhusiwi ndani, unajua. Usalama wa chakula."

"Sema tena."

Donatus akamtazama usoni, akaona si siku ya kusema tena. Akarudisha mkono wake.

Ndani, magunia yalikuwa yamepangwa karibu na mlango wa lori, kila moja na lakiri yake. Meza imetandikwa kitambaa, wageni wamekaa, Frank amevaa tai. Mama mwenye miwani alikuwa ameshika kalamu. Scolastika alipita katikati yao, akamfungua Goodness mgongoni, akamkalisha juu ya gunia la mbele, miguu inaning'inia haigusi hata nusu ya gunia. Akachukua koleo la kukatia waya lililokuwa mezani.

"Mama Elieth!" Frank akaruka. "Lakiri hiyo ni ya kimataifa! Ukiikata shehena yote inapimwa upya, lori linasubiri, umerukwa na akili?"

"Ndicho hicho ninachokitaka."

Akakata. Risasi ikadondoka sakafuni. Frank akamshika mkono, na wachambuaji, waliokuwa wamekaa kimya jana nzima na miaka yote kabla ya jana, wakainuka kwenye meza ndefu. Generosa alikuja tu akasimama kati ya Frank na yule mtoto, akakunja mikono ya koti lake jeupe. Frank akaachia.

Scolastika akachota kiganja cha karanga, nono, nyekundu, hazina doa. Akazisugua ganda lile jembamba likatoka, akapuliza, akamwekea Goodness moja mdomoni, ya pili akampa ashike.

"Evance, njoo ufasiri. Na leo usipunguze neno."

Kijana akaja.

"Waambie hizi ndizo mlizopima jana mkapiga makofi. Nimezichambua mimi. Waambie zile za ndoo hazikuharibiwa, ziko sokoni sasa hivi, zinapimwa kwa kopo, waende wakaone kabla hawajatia hiyo saini. Waambie sitaki wasikitike. Mlisema mnaanza na mtoto. Mtoto huyu hapa."

Evance alifasiri. Safari hii ilikuwa ndefu, na aliisema bila kutazama chini. Mama mwenye miwani akaweka kalamu mezani, akauliza kitu kwa sauti ndogo.

"Anauliza mtoto anaitwa nani," Evance alisema.

Scolastika alikuwa akimtazama mjukuu wake, jinsi anavyotafuna taratibu, kwa uangalifu, kama mtu anayeonja chakula cha nyumba asiyoizoea. Goodness akameza. Akaikodolea macho karanga ya pili iliyokuwa mkononi, akaila nayo, kisha akanyoosha kiganja kitupu.

"Tamu," alisema. "Bibi, hizi za nani?"

Kwa swali hilo ndipo Scolastika alipolia, kwa hasira, mbele ya nchi sita, huku mkono wake ukirudi guniani kuchota nyingine.